Mashine Impumuliayo Mgonjwa, na Mambo Yanayoitangulia

Katika neema ambazo mwanadamu huzitumia bila ya kuzihesabu, hapana iliyo karibu naye kuliko pumzi. Mtu mzima mwenye afya hupumua mara 12 hata 20 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 17,000 kwa siku moja; na kwa kuwa hailipii wala haiombi kwa jirani, husahau kwamba anayo. Huikumbuka siku inapomwia nzito.

Makala haya twawaandikia wasomaji wetu wote, lakini macho yetu yako Nyahanga, katika Manispaa ya Kahama, na katika nchi yote ile ya dhahabu itokayo Shinyanga ikapita Msalala mpaka Geita. Huko ziko nyumba nyingi ambazo chakula cha watoto hutoka chini ya ardhi. Mgodi mkubwa wa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021. Mgodi wa Bulyanhulu ungali ukifanya kazi. Na mbali na migodi ya makampuni wako wachimbaji wadogo, vijana kwa wazee, washukao katika maduara kwa kamba, na wengine wasagao mawe katika makarasha mchana kutwa. Mwaka 2015, huko Nyangalata katika Wilaya ya Kahama, wachimbaji 6 walifukiwa na kifusi. Mmoja alifia chini, na 5 wakatolewa hai baada ya siku 41. Watu walioshuhudia jambo lile hawahitaji kufundishwa na gazeti thamani ya hewa.

Lakini liko jambo ambalo yafaa tulizungumze kwa utulivu, kabla ya siku ya msiba. Mgonjwa amefikishwa hospitali, kifua chake kimekataa kazi, daktari asema, "Huyu anahitaji mashine ya kumpumulia." Hapo jamaa hugawanyika. Wengine huogopa, wakisema kwamba awekwaye katika mashine hiyo harudi. Wengine huitukuza, wakidhani kuwa mji ukiinunua moja, kama inunuliwavyo jokofu, basi kifo cha namna hiyo kimekwisha. Sisi twaona kwamba aiogopaye na aitukuzaye wote wawili hawajaijua. Basi na tuitazame imetoka wapi, inafanya nini, na inataka nini kwetu.

PAFU LILILOUMIA

Mapafu si mifuko miwili mitupu, kama wengi wadhanivyo. Ndani yake mna vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo ngozi yake ni nyembamba kuliko karatasi. Upande mmoja wa ngozi hiyo kuna hewa, na upande wa pili kuna damu. Oksijeni hupita ikaingia katika damu, na hewa iliyokwisha kazi hupita ikatoka. Tabibu Ibn al-Nafis, aliyetoka Sham akafanya kazi yake Misri, aliandika mwaka 1242 kwamba damu ya upande wa kuume wa moyo hapana budi ipite mapafuni ndipo ifike upande wa kushoto. Zaidi ya miaka 300 ilipita kabla ya wanavyuoni wa Ulaya kulichapisha neno hilo.

Sasa pafu likipata dhara kubwa, ile ngozi nyembamba huvuja. Dhara lenyewe laweza kuwa homa ya mapafu, au sumu ya maradhi iliyoenea katika damu, au moshi wa moto, au mvuke wa zebaki inayochomwa ili kutenga dhahabu, au kifua kilichopondwa na jiwe au na gari. Sababu ni nyingi, lakini matokeo ni mamoja: majimaji huingia katika vifuko, vingine hujaa, na vingine hunywea na kushikamana kama mfuko wa nailoni uliolowa. Mgonjwa huvuta pumzi kwa nguvu zake zote, na hewa haipati njia. Mwaka 1967 daktari Ashbaugh na wenzake wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 12 wa namna hiyo. Mmoja aliumia hivi na mwingine aliugua vile, lakini mapafu yao yote yalikuwa yamefanana: mazito, magumu, yamejaa maji. Tangu hapo ugonjwa huo ukajulikana kuwa ni ugonjwa mmoja wenye milango mingi.

Yafaa tuutenge na ugonjwa mwingine ambao wachimbaji wanaujua zaidi, nao ni ugonjwa wa vumbi la mawe. Huo hauji kwa siku moja. Vumbi la silika, litokalo katika mwamba wa dhahabu unapotobolewa na kusagwa, huingia kidogo kidogo, huweka makovu mapafuni, na hufungulia mlango kifua kikuu. Katika uchunguzi wa machimbo madogo ya Geita, uliochapishwa mwaka 2015, wastani wa vumbi hilo chini ya ardhi wakati wa kutoboa mwamba ulikuwa miligramu 16.85 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Hicho ni kiasi cha mara 337 ya kile ambacho taasisi ya Marekani ya usalama wa kazi imependekeza kisipitwe. Makovu ya vumbi hayana dawa ya kuyaondoa, wala mashine haiwezi kuyaondoa. Tena mwenye makovu hayo akipatwa na homa ya mapafu, huingia vitani akiwa na nusu ya jeshi lake.

MASHINE ILIVYOPATIKANA

Wazo la kumpelekea hewa mtu aliyeikosa si la jana. Katika karne ya tisa, huko Baghdad, ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, wana wa Musa bin Shakir, waliandika kitabu cha vyombo vya ustadi. Katika vyombo hivyo kimo kimoja kilichokusudiwa mtu ashukaye katika kisima chenye hewa mbaya, ili apate kupumua hewa njema itokayo juu. Mchimbaji wa Msalala akikisoma kitabu kile atajiona mwenyewe ndani yake.

Mashine ya hospitali ilikuja baadaye sana. Mwaka 1928, katika mji wa Boston, Philip Drinker na Louis Shaw walitumia sanduku kubwa la chuma, ambalo mgonjwa aliyepooza kwa polio alilazwa ndani yake, kichwa tu kikabaki nje. Hewa ya sandukuni ilipunguzwa, kifua kikapanuka, na pumzi ikaingia. Ikarudishwa, na pumzi ikatoka. Chombo hicho kiliokoa watu wengi, lakini kilikuwa ghali, kizito, na hakikutosha.

Mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulishuka kwa ukali katika mji wa Copenhagen, nchini Denmark. Katika wagonjwa 31 wa mwanzo walioshindwa kupumua, 27 walikufa. Ndipo alipoitwa Bjørn Ibsen, daktari wa dawa za usingizi, akashauri njia nyingine: mgonjwa atobolewe tundu dogo katika koo, atiwe mpira, na hewa isukumwe kuingia kwa mfuko unaobinywa kwa mkono. Njia ikafaa, lakini mashine za kufanya kazi hiyo hazikuwapo. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500, wakashika zamu, usiku na mchana, majuma kwa majuma, kila mmoja ameketi kando ya mgonjwa wake akibinya mfuko na kuachia. Vifo vikapungua hata chini ya nusu ya wagonjwa. Katika miaka iliyofuata mafundi wa Ulaya na Marekani walitengeneza mashine za kuchukua mahali pa mikono ile.

Twaomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia: wodi ya wagonjwa mahututi ilizaliwa kwa mikono ya vijana kabla ya kuzaliwa kwa chuma.

HEKIMA YA KUPIMA

Mtu aweza kudhani kuwa kazi ya kubuni mashine hiyo ni nyepesi: mvukuto, mota, na mpira wa kupitishia hewa. Kweli, kusukuma hewa ni kazi nyepesi. Mhunzi wa Usukuma ameifanya tangu zamani. Kazi ngumu ni kusukuma kiasi kisichoua.

Kwa miaka mingi madaktari walidhani kuwa mgonjwa mwenye upungufu wa hewa apewe hewa nyingi. Ni fikira ya mwenye huruma: mwenye njaa ajazwe sahani. Lakini katika pafu lililoumia, vifuko vingi vimezibika. Vilivyobaki wazi ni vichache, kiasi cha pafu la mtoto katika kifua cha mtu mzima. Ukilisukumia pafu hilo hewa ya pafu zima, vile vichache vizima hutanuka kupita kadiri na kuchanika. Mashine iliyoletwa kuponya ikawa inaongeza jeraha.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 2000, katika uchunguzi wa Marekani wa wagonjwa 861. Wengine walipewa kila pumzi mililita 12 kwa kila kilo ya uzito, na wengine walipewa nusu yake, mililita 6. Katika waliopewa hewa nyingi walikufa karibu 40 katika kila 100. Katika waliopewa hewa kidogo walikufa 31. Dawa haikuongezwa, wala mashine haikuwa mpya. Kilichobadilishwa ni kipimo tu, na watu 9 hivi katika kila 100 wakaokoka.

Tena uzito huo si ule wa mizani. Mtu akinenepa, mapafu yake hayanenepi. Kwa hiyo hesabu hufanywa kwa urefu wake. Mwanamume mwenye urefu wa sentimita 170 huhesabiwa kama mwenye kilo 66; basi pumzi yake ni mililita 396, zaidi kidogo ya chupa ya soda. Kwa kipimo cha zamani angesukumiwa zaidi ya chupa mbili, katika kifua ambacho hakina nafasi hata ya moja na nusu.

Baada ya kiasi huja nguvu ya msukumo, nayo hupimwa kwa kimo cha maji. Madaktari husema kwamba pafu likiisha kujaa, msukumo wake usizidi ule uwezao kupandisha maji katika mpira kwa sentimita 30. Hicho ni kimo cha rula ya mwanafunzi. Kijana wa shule ashikapo rula yake na aikumbuke habari hii: kati ya mwanzo na mwisho wa kijiti kile pana uhai wa mtu.

Liko na jambo la tatu. Ule mfuko wa nailoni uliolowa, ukiuacha utoe hewa yote, hushikamana, na kuufungua tena kwataka nguvu kubwa. Ukiubakizia hewa kidogo ndani, pumzi ya pili huingia kwa wepesi. Basi mashine njema haimwachi mgonjwa atoe hewa yote. Hubakiza msukumo mdogo mwishoni mwa kila pumzi, ili vifuko visinywee. Mwisho kuna kengele: mpira ukichomoka, hewa ikizidi, oksijeni ikipungua, mashine hapana budi ipige kelele. Mashine isiyo na kengele ni mlinzi aliyelala.

Nalo jambo lililo rahisi kuliko yote halimo katika mashine kabisa. Mwaka 2013 madaktari wa Ufaransa walitoa habari za wagonjwa 466 wenye mapafu yaliyoumia vibaya. Waliolazwa kifudifudi kwa saa nyingi za siku walikufa 16 katika kila 100 katika muda wa siku 28. Waliolazwa chali walikufa karibu 33. Kumgeuza mgonjwa aliyefungwa mipira kwataka watu wanne au watano wanaojua kazi yao. Mara nyingine tena, ni mikono.

MAMA NA DAKTARI

Tuchukue mfano. Tuseme kijana wa Nyahanga, mwenye miaka 24, ametolewa katika duara lililoingia moshi, na sasa yuko katika wodi ya hospitali kubwa, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwao. Mama yake amesimama mlangoni.

"Daktari," asema mama, "nimeambiwa anayewekwa katika mashine hiyo harudi. Ni kweli, mwanangu?"

"Mama yangu," amjibu daktari, "sitakudanganya. Wapo wasiorudi, na si wachache. Lakini hatumpeleki mtu katika mashine akiwa mzima. Tunampeleka akiwa amechoka kiasi cha kushindwa kuvuta pumzi. Ukimwona mtu amebebwa kwa machela akafia njiani, hutasema machela imemwua."

"Na mashine itamponya?"

"La, mama. Mashine haina dawa ndani yake. Itambeba, kama mtu anavyobebwa kuvushwa mto. Mwili wake ndio utakaopona, kwa idhini ya Mungu na kwa dawa, na sisi kazi yetu ni kuhakikisha aliyembeba hamuumizi njiani."

"Basi mimi nifanye nini?"

"Uniambie kweli yote. Alivuta moshi wa nini? Alikuwa na kikohozi tangu zamani? Anavuta sigara? Amewahi kutibiwa kifua kikuu? Na usione haya kuniuliza kila siku hali yake."

Twaona kuwa jibu la namna hii lamfaa mama kuliko matumaini ya bure, na lamfaa kuliko hofu.

MASHINE KATIKA NCHI ZETU

Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa UVIKO-19, dunia nzima iligombania mashine za kupumulia, na nchi zilizokuwa zikinunua zikaona kwamba fedha haitoshi pale muuzaji anapofunga mlango. Hapo vijana wa Afrika Mashariki walionyesha bidii ya kusifiwa. Nchini Kenya, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, wa uhandisi pamoja na wa uuguzi, walitengeneza mashine waliyoiita Tiba-Vent. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na Shirika la Kiira Motors walibuni yao wakaiita Bulamu, yaani uhai. Yafaa kulizingatia hili: katika Kenya mhandisi hakukaa peke yake; mwuguzi alikuwapo mezani. Ndivyo ipasavyo, kwa kuwa mwuguzi ndiye ajuaye kitufe gani kitaguswa usiku wa manane na mtu aliyechoka.

Lakini kutengeneza mashine inayozunguka katika karakana ni nusu ya safari. Mashine ya mgonjwa yatakiwa izunguke siku 14 bila ya kukosea, katika joto na vumbi, umeme ukikatika na kurudi, nayo ijaribiwe na kuthibitishwa na wenye mamlaka kabla ya kumgusa mtu. Yatakiwa iwe na betri ya kuishikilia mpaka jenereta liwashwe, na vichujio vya kubadilishwa, na fundi aliye karibu. Chombo cha thamani kubwa kilichokosa kifaa kidogo cha mpira ni sawa na kile ambacho hakikununuliwa.

Kisha kuna oksijeni yenyewe. Mtungi mkubwa wenye lita 7,000 hivi, ukitumika kwa lita 10 kila dakika, huisha kabla ya saa 12. Basi mgonjwa mmoja aweza kumaliza mitungi miwili kwa siku na zaidi. Mwenye kununua mashine na asijue mitungi itatoka wapi amenunua gari bila ya kuuliza mafuta.

Kigali, ambako malori ya Isaka huelekea yakipita Kahama, madaktari walichunguza wagonjwa 1,046 wa hospitali kuu, na habari zao zikachapishwa mwaka 2016. Walikuta kuwa ukifuata masharti ya vitabu vya Ulaya, yanayodai vipimo na mashine, hapana mgonjwa hata mmoja mwenye ugonjwa huu wa mapafu. Walipotumia vyombo vilivyopo, yaani kipimo cha oksijeni kibanwacho kidoleni na picha za mawimbi ya sauti, waliwaona 42. Nusu yao walikufa, na wengi wao hawakufika katika wodi ya mahututi. Funzo lake ni kubwa: wagonjwa walikuwapo siku zote, ila kipimo cha kigeni hakikuwaona. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi mwingine wa wagonjwa mahututi 3,077 wa UVIKO-19 katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika. Walikufa 48 katika kila 100, hali wastani wa dunia ulikuwa 31 au 32.

Je, njia rahisi hazipo? Zipo, na mfano mzuri umetoka Bangladesh. Daktari Mohammod Jobayer Chisti wa Dhaka alihuzunishwa na vifo vya watoto wenye homa ya mapafu. Akatengeneza chombo kwa mpira wa oksijeni na chupa ya kawaida ya plastiki yenye maji: mtoto apumuapo nje, hewa hupitia katika maji ikitoa mapovu, na kimo cha maji hubakiza ule msukumo mdogo tuliousema. Katika uchunguzi wa watoto 225, uliochapishwa mwaka 2015, waliotumia chombo hicho walikufa 4 katika kila 100, na waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa 15. Chupa, maji, na akili iliyokataa kukata tamaa!

Lakini hatutaki kumpa msomaji nusu ya habari. Chombo cha namna hiyohiyo kilipojaribiwa nchini Malawi, katika hospitali ya wilaya ambayo daktari hakuwapo kila siku kumwangalia mtoto, habari zilizochapishwa mwaka 2019 zilikuwa kinyume: katika watoto 644, waliotumia chombo walikufa 17 katika kila 100, na waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa 11. Fikira ni ileile, maji yaleyale, lakini tofauti moja kubwa ni jicho la kumtazama mgonjwa. Mwenye kutaka kujua kwa nini tumesema kwamba mashine hutanguliwa na mambo mengine, jibu lake ni hili.

SHAURI LETU

Kwa wale wenye moyo wa kutoa, na wanaojiuliza kama jamaa wa msikiti wachange wanunue mashine ya kupumulia kwa ajili ya hospitali yao, shauri letu ni kwamba waanze kwa kwenda kwa mganga mkuu na kumuuliza kwa adabu: Oksijeni yenu hutoka wapi, nayo hukatika mara ngapi? Mnavyo vipimo vya kidoleni vya kutosha katika kila wodi? Jenereta huwaka? Nani hutengeneza vyombo vikiharibika? Mwuguzi mmoja hutazama wagonjwa wangapi usiku? Huenda wakaona kuwa sadaka yao ingefaa zaidi katika vipimo 20 vidogo, au katika mabomba ya oksijeni, au katika karo ya binti mmoja wa Nyahanga akasomee uuguzi wa wagonjwa mahututi. Sadaka ya namna hii haitapigwa picha sana, lakini itafanya kazi usiku wakati watoaji wamelala. Mambo hayo yakiisha kuwapo, ndipo mashine inaponunuliwa, na ndipo inapookoa.

Kwa vijana wetu walio shuleni, twasema: msiidharau hesabu, wala fizikia, wala kazi ya mikono. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa maradhi yana dawa zake, nasi tumeamrishwa kuzitafuta, na mwenye kutafuta hatafuti kwa maneno. Mhandisi anayejua kwa nini sentimita 30 na si 40, fundi anayeweza kuifungua mashine ya Ulaya akaifunga ikafanya kazi, mwuguzi anayesikia kengele na kujua imelilia nini: watu hawa ni haja ya mji wa Kahama kama ilivyo haja ya maji.

Na kwa ninyi mshukao katika maduara, tunasema maneno ya ndugu kwa ndugu. Pafu lililokingwa ni bora kuliko pafu lililotibiwa. Mwamba umwagiwe maji kabla na wakati wa kutobolewa, ili vumbi lisiruke. Karasha liwekwe mbali na nyumba na mbali na watoto. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi la silika. Itafutwe barakoa ya kazi. Jenereta na pampu ya mafuta zisiwashwe chini ya shimo kamwe, kwa sababu moshi wake una hewa isiyo na harufu iuayo kimyakimya. Zebaki isichomwe ndani ya nyumba wala jikoni. Mwenye kikohozi kilichopita majuma mawili akapimwe kifua kikuu. Na zaidi ya yote, mwenzenu akianguka ndani ya shimo lenye hewa mbaya, msimfuate kwa haraka bila ya kupeleka hewa kwanza. Uchungu wa ndugu ni jambo jema, lakini mara nyingi umemfanya maiti mmoja awe maiti watatu.

Mwaka 1952 wanafunzi 1,500 wa Copenhagen waliketi kando ya watu wasiowajua wakawapumulia kwa mikono yao, saa baada ya saa. Hawakuwa na mashine, nao hawakuingoja. Walikuwa na walimu, zamu iliyopangwa, oksijeni, na nia. Mji wowote wenye mambo hayo manne, uwe Denmark au uwe Kahama, ukiletewa mashine utajua la kufanya nayo. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape wazima bidii ya kujiandaa, Amin.